Kinga ya Bi Haraka

Mume wangu ana mwanamke mwingine ndani ya nyumba, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemfuta vumbi. Anaishi kwenye meza ya dirishani, ndani ya kompyuta nene ambayo zamani ilikuwa nyeupe na sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Sauti yake ni kavu, haicheki, haipumui, na inakwenda kwa kasi ambayo mgeni akiingia sebuleni hudhani kuna kitu kinakaangwa jikoni. Nilimpa jina la Bi Haraka. Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Pacha, alilipokea jina hilo kwa furaha zaidi kuliko alivyoyapokea majina ya watoto wake mwenyewe.

"Haraka haraka haina baraka," nilimwambia siku hiyo.

"Haraka ya huyu ina baraka," akanijibu, na vidole vikaendelea na safari yao.

Inabidi nieleze mapema, maana watu wakiiona kompyuta yenyewe hudhani sisi ni bahili. Baba Pacha haoni. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kazi ya macho matupu: unapewa kurasa, unasaka kilichokosewa. Kisha macho yakaanza kumwacha, kwanza pembeni, halafu katikati. Madaktari walifanya walichoweza, kikawa hakitoshi. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha kwenye korido, uso umeelekea ukutani, na hapo akamaliza karibu mwaka mzima. Ukimuuliza anataka chai yenye sukari au isiyo na sukari, anasema, "Yoyote." Ukimuuliza avae shati gani, anasema, "Lolote." Mimi ni muuguzi mstaafu wa wodi ya watoto. Nimeona binadamu wakizimika kwa namna nyingi, na ile ilikuwa namna mojawapo. Niliogopa, nasema wazi. Sikuwahi kuogopa vile hata nilipokuwa zamu peke yangu na wodi imejaa.

Aliyetuokoa ni rafiki yake, fundi wa kompyuta anayeitwa Waya kwa sababu mifukoni mwake hamkosekani vipande vya nyaya. Alikuja na ile kompyuta, ndani yake ametia programu inayotamka kila herufi unayobonyeza na kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Baba Pacha alimkatalia, akamtukana kidogo, kisha Waya alipoondoka akaanza kuipapasa kibodi kwa siri kama mtu anayeiba sukari. Haikupita muda akawa anamfundisha Bi Haraka adabu: majina ya watu yatamkwe vipi, wapi atue, neno gani asilikate katikati. Amekuwa akimfundisha miaka yote hii. Leo watu wanamletea mikutano yao, mahojiano yao na hotuba zao zilizorekodiwa, naye anaziandika zote, sikio moja kwa msemaji, sikio la pili kwa Bi Haraka, na kosa halimpiti. Alianza tena kunyoa ndevu. Alianza tena kubishana na redio. Nikarudishiwa mume wangu.

Kompyuta mpya tunayo. Pacha wetu, ambao sasa ni watu wazima na wana nyumba zao, walituletea moja nyembamba, nyepesi, yenye sauti laini inayosoma Kiswahili kama mgeni mwenye mafua. Programu ya Bi Haraka haikubali kuingia humo hata kwa dawa, na walioitengeneza walishafunga duka. Baba Pacha aliisikiliza ile mpya kwa heshima zote, akasema asanteni sana wanangu, akaifunga. Iko chini ya kitanda.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," aliniambia walipoondoka.

Basi shida iliingia kupitia katibu wa chama cha ushirika, mtu mwema sana mwenye flashi chafu sana. Alileta mkutano wao mkuu, akanywa chai, akasifu maua yangu, akaenda zake. Baba Pacha akaichomeka flashi. Mimi nilikuwa napanga nguo zilizokauka, nikasikia Bi Haraka anasema, "Njia ya mkato." Vidole vikabonyeza tena. "Njia ya mkato. Njia ya mkato. Njia ya mkato." Kila folda aliyoigusa, kazi za miaka, zote zimegeuka njia za mkato, na ukizifuata hazikufikishi popote.

Baba Pacha aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Kisha akainuka, akapapasa ukuta, akaenda kukaa kwenye kile kiti cha korido. Nilimpelekea chai. Nikamuuliza kama anataka sukari.

"Yoyote," akasema.

Nilirudi jikoni nikashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Halafu nikampigia Waya simu, na nadhani nilimpigia kelele.

Waya ni mtu wa kujikunakuna kichwa, lakini akikaa mbele ya mashine hutulia. Aligundua kwamba faili zilikuwepo, kirusi kilikuwa kimezificha tu, akazitoa moja baada ya nyingine mpaka Bi Haraka akaanza kuzitaja kwa majina yake. Baba Pacha akatoka koridoni, akasimama nyuma ya kiti cha Waya huku akisikiliza kama anasomewa majina ya waliofaulu mtihani. Nilifurahi, lakini Waya alinivuta kando kwenye mlango wa jikoni.

"Shemeji, safari hii tumepona," akasema. "Safari ijayo sijui. Mfumo wa mashine hii ni wa zamani, walioutengeneza wameacha kuuhudumia. Kila tundu lililopo litabaki tundu. Na kazi ya mzee ni kupokea flashi za watu. Inatakiwa kinga ya virusi, mlinzi wa kukaa mlangoni."

"Basi weka."

"Ndiyo taabu yenyewe. Walinzi wa siku hizi hawataki kazi kwenye nyumba kuukuu. Wakiiona tu, wanageuza."

"Watataka," nikasema. Nikikasirika huwa sina hoja, nina nia tu.

Kesho yake nikavaa viatu vya kutembelea, nikaanza kuzunguka. Duka la kwanza lilikuwa la vioo, baridi ndani, na muuzaji amevaa kitambulisho shingoni utadhani anafanya kazi uwanja wa ndege. Nilimweleza. Akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia mama wa watu.

"Mama, mfumo huo ulishakufa."

"Umekufa vipi na asubuhi umenisalimia?"

"Namaanisha hakuna anayeuhudumia. Cha kufanya ni kununua kompyuta mpya."

"Mwanangu, nimefanya kazi hospitali maisha yangu yote. Hatukuwahi hata siku moja kumwambia mgonjwa akanunue mwili mwingine."

Mteja mmoja nyuma yangu alicheka, muuzaji hakucheka. Nikatoka.

Duka la pili waliniuzia boksi lenye picha ya ngao, wakaniapia kwamba inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Nililibeba mpaka nyumbani kifua mbele. Tulitia sahani ya CD iliyokuwa ndani yake kwenye mashine, tukangoja, na Bi Haraka mwenyewe, kwa sauti yake isiyo na aibu, akatusomea: "Toleo hili la mfumo halikubaliki." Nikabonyeza tena. "Toleo hili la mfumo halikubaliki."

"Umemletea kiatu kisichomwingia," alisema Baba Pacha, akacheka mpaka akakohoa. Nilitaka kununa, lakini yule mtu alikuwa anacheka, na mtu anayecheka hakai koridoni, kwa hiyo nikacheka naye.

Sikuishia hapo. Jirani aliniambia kwenye mtandao kuna kinga za bure tele, unabonyeza tu. Nilizitafuta kwenye simu yangu, nikapata moja nzuri, ya kijani, yenye alama ya vema na maneno ya kuahidi kila kitu. Nikampelekea Waya picha. Alinipigia kabla sijaweka simu chini.

"Shemeji! Usiguse! Hiyo yenyewe ndiyo ugonjwa!"

"Mbona imeandikwa dawa?"

"Hata mwizi huvaa tai, shemeji."

Wakati huo flashi zilikuwa zinaendelea kuletwa, na Baba Pacha alikuwa anazikataa. Wateja wanagonga, yeye anasema niambie warudi wiki ijayo. Aliogopa kuzichomeka, na hakutaka kukiri kwamba anaogopa. Vidole vyake vilizoea kazi, vikikosa vilikuwa vinagongagonga meza, mkono wa kiti, hata bega langu tukikaa kusikiliza taarifa ya habari. Nilijua kitakachofuata vidole vikichoka kugonga. Kile kiti nilikifikiria kukichoma moto.

Hatimaye Waya akaja mbio, kwa furaha nyaya zinamwanguka mfukoni. Rafiki yake anayetunza mashine za kupimia udongo, nazo ni za kale vilevile, alimwonyesha kampuni moja ndogo ambayo bado inatengeneza kinga kwa ajili ya mifumo ya wazee. Toleo ni la zamani lakini orodha ya virusi inaongezwa kila mara. Analo kwenye sahani.

Tulikaa wote watatu. Waya akamnyamazisha Bi Haraka kwanza, kwa sababu wakati wa kuweka programu huwa anasoma kila kitu mpaka mtu anachanganyikiwa. Mlinzi akaingia. Hakukataa! Alijenga kidirisha chake chenye rangi ya bluu, akaanza kukagua. Nilipiga kigelegele, Baba Pacha akaziba masikio. Hapo hapo simu ya Waya ikalia: mama mkwe wake amelazwa, anatakiwa asafiri. Alianza kukusanya vitu vyake huku akitoa maagizo.

"Itakagua yenyewe, itachukua muda. Ikimaliza mzee atamwamsha Bi Haraka kama kawaida. Ikikamata kitu itauliza. Shemeji, wewe una macho. Ukiona ni kitu kibaya, iambie ikiondoe."

"Kitu kibaya nakijua," nikamwambia. "Nenda kwa mama mkwe."

Baba Pacha alikwenda kuoga. Mimi nilivuta kiti nikakaa mbele ya ile skrini kama nilivyokuwa nikikaa kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa. Mlinzi alifanya kazi nzuri, lazima nimpe haki yake. Alikamata masalia ya kile kirusi cha katibu, akaniuliza, nikamwambia ondoa. Akakamata kingine. Ondoa. Kazi ilikuwa tamu, nikajiona nimerudi kazini. Kisha kengele ikalia kwa nguvu zaidi na kidirisha kikawa chekundu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lakini mtu aliyefanya kazi hospitali Kiingereza cha hatari hakimpigi chenga. Kilisema: imekamatwa programu inayosikiliza kila kitufe unachobonyeza na kusoma kila kinachoonekana kwenye skrini yako. Hatari kubwa. Chini yake jina lenyewe, herufi na tarakimu zisizo na kichwa wala miguu.

Nywele zilinisimama. Mpelelezi! Ndani ya nyumba yangu, miaka yote, anamsikiliza mume wangu kila anachoandika, anachungulia kila karatasi ya watu waliotuamini! "Kikulacho kimo nguoni mwako," nikasema kwa sauti, nikabonyeza ondoa kwa kidole cha shahada, kwa nguvu zote. Mlinzi akaomba kuizima na kuiwasha kompyuta. Nikamruhusu.

Baba Pacha akaja, kichwa kimelowa, ana harufu ya sabuni. Alikaa, akanyoosha vidole, akabonyeza vile vitufe viwili vya kumwamshia Bi Haraka.

Kimya.

"Umezima spika?"

"Hapana."

Akabonyeza tena. Akainamisha kichwa, sikio karibu na mashine, akabonyeza kwa mara nyingine polepole, kitufe hiki, kisha kile. Nilisikia feni ya kompyuta ikizunguka. Sikusikia kingine.

"Mama Pacha. Umefanya nini?"

Nilimweleza. Nilianza kwa majivuno, nikimsimulia jinsi nilivyomnasa mpelelezi, na nilipofika katikati ya sentensi majivuno yaliniisha.

"Anasikiliza kila kitufe ninachobonyeza," akarudia yeye, taratibu. "Anasoma kila kilichopo kwenye skrini."

"Ndivyo kilivyoandika."

"Huyo si mwizi," akasema. "Huyo ndiye yeye."

Nilimpigia Waya, simu haipatikani, yuko njiani. Sahani iliyokuja na programu ya Bi Haraka ilibanduka siku nyingi, Waya mwenyewe alituonyesha, haisomeki. Na hata kama ingesomeka, ingeturudishia Bi Haraka mshamba asiyejua kutamka jina la mtu, aliyefutwa mafunzo yote. Baba Pacha alisukuma kiti nyuma. Hakunilaumu. Angenilaumu ningemshukuru. Aliinuka, akaweka kiganja ukutani, akaanza kwenda upande wa korido.

"Usithubutu," nikasema.

"Nakwenda kukaa tu."

"Kwenye kile kiti hukai! Nasema hukai! Rudi hapa." Nilimshika mkono, nikamvuta, nikamkalisha mbele ya kibodi kama anavyokalishwa mtoto anayekimbia sindano. "Wewe una vidole, mimi nina macho. Hawa walinzi hawamuui mtu papo hapo, wanamtia karantini kwanza. Hospitali ndivyo tulivyofanya. Tutamtafuta huko alikofungiwa."

Mikono yake ikapanda mezani.

"Haya. Nisomee."

Nikaanza kusoma. "Sawa baba, sasa hapa tuna kidirisha kidogo, usijali, kina vitufe vichache tu, tutakwenda taratibu..."

"Usinibembeleze," akasema. "Soma kilichoandikwa."

"Nakusomea vizuri ili—"

"Unanisomea kama mgonjwa. Ndivyo ulivyonisomea mwaka ule wote. Gazeti ulikuwa unaninong'onezea, na nilikuwa nasikia unavyoruka. Mtu amekufa, unaruka. Kiwanda kimefungwa, unaruka. Mwisho nikawa sisikii habari, nasikia huruma tu. Unajua kwa nini nampenda yule mwenye sauti ya bati? Hanihurumii. Angenisomea hata tangazo la kifo changu, kisha akasema 'nukta'."

Haya ndiyo maneno aliyokuwa nayo miaka yote, na alichagua siku hiyo kuyatoa. Yaliniingia. Nilikuwa nimetoka kazini na ile sauti ya wodi ya watoto, hakuna aliyewahi kuilalamikia, watoto walilala kwa sauti ile! Hasira zikanipanda.

"Nilikuhurumia kwa sababu nakupenda, mzee mkaidi wewe!"

"Najua," akasema. "Soma."

Basi nikasoma. Nilisoma kwa hasira zangu zote, bila kituo, bila kupamba, na yeye akawa anabonyeza.

"Sasa niko wapi?"

"Mipangilio."

Akabonyeza. "Sasa?"

"Ratiba."

"Sasa?"

"Msaada, na sina haja nao. Rudi nyuma. Tena. Historia. Shuka. Shuka nimesema! Karantini. Hapo hapo, ingia."

"Kuna nini?"

"Orodha ya wafungwa."

"Soma majina. Usifupishe, herufi kwa herufi."

Nilisoma herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, kama tulivyokuwa tukisomeana wodini namba za dawa zilizokaribia kuisha muda. Yeye alikuwa amefumba macho yasiyoona, kichwa kimeinama upande, yule msahihishaji wa zamani kabisa. Kwa la kwanza akatikisa kichwa. La pili akatikisa. Katikati ya lile refu akainua kidole.

"Rudia hilo."

Nikarudia.

"Ndiye, hilo ndilo jina la faili lake. Kuna kitufe gani?"

"Viwili. Futa kabisa, na rejesha."

"Kipi kiko mbele?"

"Futa kabisa. Usibonyeze! Sogea kimoja kulia. Hapo. Rejesha."

Akabonyeza. Kidirisha chekundu kikaruka tena usoni mwangu.

"Kimeuliza nini?"

"Kimesema programu hii ni hatari. Kinauliza kama mwenye kompyuta ana hakika kwamba anaiamini."

Nilidhani atabonyeza. Alitoa mkono kwenye kibodi, akautafuta wangu, akauweka pale ulipokuwa wake.

"Jibu wewe," akasema. "Mimi jibu langu linajulikana."

Nikajibu ndiyo. Chini kulikuwa na kisanduku kidogo cha kusema nisiulizwe tena, nikakitia alama. Tukaizima kompyuta, tukaiwasha. Ile mashine huamka kwa tabu hata siku nzuri, na siku hiyo ilijinyoosha na kuguna mpaka nikajikuta nasali. Baba Pacha akabonyeza vitufe viwili.

"Tayari," akasema Bi Haraka.

Baba Pacha alibonyeza herufi moja, akaisikia. Akabonyeza nyingine. Akafungua mkutano wa ushirika ulioishia njiani, na yule mama akaanza kumwaga majina ya wajumbe wote, mmoja hakumkosea. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Waya aliporudi, mama mkwe akiwa amepata nafuu, alishika kichwa. Alisahau kumtambulisha Bi Haraka kwa mlinzi, akakiri, akaomba radhi mpaka nikamwonea huruma. Alikata kabisa mtandao kwenye mashine ile, akatuwekea utaratibu: orodha mpya ya virusi ataileta yeye mwenyewe kwenye sahani, na hakuna flashi inayofunguliwa kabla mlinzi hajaikagua. Sasa wateja wakifika ninawapokea flashi mlangoni kwa ncha za vidole. Katibu wa ushirika nilimwambia hata mkono anawe.

Limebaki tatizo moja ambalo Waya ameshindwa kulitibu. Vidirisha vya mlinzi vimechorwa kama picha, na Bi Haraka picha hazisomi. Mlinzi akiwa na swali, kengele inalia, Bi Haraka anakaa kimya, na Baba Pacha hawezi kujua anaulizwa nini. Waya alipendekeza kumtafuta mlinzi mwingine. Nilimtazama mume wangu nikitegemea aseme ndiyo, maana huyu ni mtu aliyegoma kusomewa hata bahasha.

"Huyu anafaa," akasema Baba Pacha.

Kwa hiyo siku hizi nikiwa popote ndani ya nyumba nasikia, "Mama Pacha! Mlinzi ameuliza!" Nakwenda, nimejifuta mikono, nasoma kwa ukali, najibu, narudi kwenye shughuli zangu. Nikilegeza sauti kidogo ananiambia, "Unaanza." Naongeza ukali.

Juzi aliniita mchana, nikiwa naanika shuka. "Mama Pacha! Njoo usome!" Niliingia nikiwa nimechukia kweli, mikono imelowa, nikaangalia skrini. Hapakuwa na kengele, hapakuwa na kidirisha. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Mwenyewe alikuwa ameketi na gazeti magotini, jipya, alimtuma mteja amletee. Alikuwa amelifunua, kurasa juu chini.

"Hili Bi Haraka haliwezi," akasema. "Na usiruke kitu."

Niligeuza gazeti, nikavuta kiti. Lilifunguka kwenye matangazo ya vifo, na la kwanza kabisa lilikuwa la mtu aliyekuwa msimamizi wake kule kiwandani, aliyemfundisha kazi. Nilikuwa na nafasi ya kufunua ukurasa. Nikasoma jina, nikasoma umri, nikasoma aliowaacha wote, kwa sauti kavu, kali, bila kutua, machozi yananitiririka mpaka kidevuni. Baba Pacha aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Nukta," nikasema.

"Asante," akasema. "Endelea."